Trauti wa Baba Mkwe

Watu wakisikia nimetoka Kongo, upande wa Ziwa Tanganyika, wanadhani nilizaliwa ndani ya mtumbwi. Sijui hata kuogelea. Utoto wangu niliupitisha Uvira mjini, kwa mjomba aliyeuza madaftari. Nikamaliza sekondari kwa kukariri mito ya Ulaya, na samaki nilimjua akiwa tayari ameshakaangwa. Mvuvi alikuwa kaka yangu mkubwa. Sisi kaka mkubwa tunamwita yaya, na yaya wangu alivua kule Fizi tangu ana miaka kumi mpaka vita vikatutupa kambini Tanzania.

Kwa hiyo yule mzee Mzungu anayeendesha foklifti kazini kwetu Buffalo aliponiuliza kama ningependa kwenda naye ziwani mwezi wa Januari kuvua trauti, samaki wa maji baridi wa huku, nilicheka mpaka nikamwaga chai. Mimi nafanya kazi ndani ya bohari la vyakula vya kugandishwa. Masaa manane nasukuma kuku waliogeuka mawe. Mtu wa namna hiyo akitoka kazini anatafuta blanketi, hatafuti maji. Nilimwambia asante sana, mimi ni mtu wa nyumbani, kochi langu likinikosa linaumwa.

Hiyo ilikuwa Desemba ya mwaka 2015. Kufika katikati ya Januari nilikuwa nimemrudia mwenyewe, mkono nyuma, kumwuliza kama nafasi bado ipo, na kama ipo ya watu wawili.

Sababu ilikuwa nyumbani kwangu West Side, ghorofa ya juu, imelala.

Yaya na familia yake walipelekwa Louisville wakati mimi naletwa Buffalo. Karatasi ndizo zilizogawa, hakuna aliyetuuliza. Kule Louisville mke wake alipata kazi ya kutunza wazee, yeye akawekwa kwenye ghala la maboksi. Watoto watatu wakadaka Kiingereza kama mafua. Yaya alibaki na "yes" na "no problem", na matatizo yalikuwa mengi. Jumapili moja, wametoka kanisani, akamwomba binti yake mkubwa maji ya kunywa. Binti akajibu kwa Kiingereza, jibu refu, na wadogo wakacheka. Yaya hakupiga mtu. Hakupaza sauti. Aliibeba televisheni akaitoa nje kwenye mvua, akaiweka juu ya majani kama mtu anayeanika mihogo, akarudi kuketi. Halafu akanyamaza wiki tatu.

"Shemeji," mke wake aliniambia kwa simu, "angenipiga ningejua nimshitaki kwa nani. Mutu ananyamaza, utamushitaki kwa kitu gani?"

Mwezi wa kumi mke akachukua watoto akaenda kwa wazazi wake Columbus. Yaya akanijia na begi moja.

Mimi nilikuwa najivunia kuwa mvivu wa kwanza wa mtaa wetu, na hapo nikadhani nimepata mpinzani. Wiki ya pili nikaelewa kwamba haukuwa uvivu. Uvivu una utamu wake, mimi naujua. Yeye alikuwa analala kama mzigo uliosahauliwa stesheni. Wali ulikuwa unapoa mbele yake. Siku moja, bila kuinua macho, akaniuliza kama pale kwenye maporomoko ya Niagara watu wanaruhusiwa kusimama karibu na maji. Nikamwambia kuna uzio. Siku ile sikuenda kazini, wala kesho yake.

Ndipo nikampigia baba mkwe wake.

"Baba, tunaomba njia," nikasema.

"Njia iko," akajibu. Ni mzee wa maneno machache, na kila neno analiweka mezani kama anacheza karata. "Alipokuya kuniomba binti, alikuya na samaki wake mwenyewe, wa kuvua kwa mkono wake. Kwetu mwanamuke akirudi kwa baba yake, bwana anamufuata kwa njia ileile. Alete samaki. Binti akimukula, amekubali, wataenda. Asipomukula, bon, musinisumbue tena."

"Baba, lakini huku ni Januari."

"Na Tanganyika hatukuwa na Januari?"

Na kwa desturi yao mume haongei siku hiyo. Anaketi, anatazama chini, na mtu aliyemsindikiza ndiye anayesema. Mtu huyo ningekuwa mimi, bwana mdogo asiye na mke, ambaye kuomba kwangu kote maishani kumekuwa kuomba ruhusa ya kutoka kazini mapema.

Nilijaribu njia ya mkato, sitasema uongo. Nilimwambia yaya Grant Street kuna duka lenye samaki wa kila namna, tununue mmoja mkubwa, tumpitishe kwenye theluji, nani atajua? Akanijibu sentensi ndefu ya kwanza tangu aje: "Mudogo wangu, samaki wa friji anajulikana kwa jicho. Na yule muzee aliuza samaki miaka makumi tatu." Halafu akaketi kitandani, akauliza: "Huyo Mzungu wako, mashua yake iko na urefu gani?"

Jumamosi tukaenda. Ziwa letu la hapa mjini halitabiriki wakati wa baridi, kwa hiyo mzee wa foklifti alituchukua kaskazini, mwendo wa saa moja, mpaka Ziwa Ontario ambalo kina chake hakikubali kuganda. Nilivaa suruali tatu. Juu ya makoti mawili nikavalishwa jaketi la kuelea, na nikawa siwezi kushusha mikono. Yaya aliponitazama akasema, "Unafanana na bata wa Krismasi." Nikafurahi kutukanwa, ilikuwa miezi miwili hajanitukana.

Kazi yenyewe, kwa asiyeijua, ni ya polepole. Unatega fimbo nne nyuma ya mashua, kila moja kwenye kishikizi chake. Uzi unashushwa na tufe zito mpaka karibu na chini, wanakokaa trauti siku za baridi, na mashua inatembea, inatembea, mwendo wa mtu anayesindikiza mgeni, ikikokota vibati vinavyong'aa vya kumdanganya samaki. Maji yakiganda kwenye vipete vya fimbo, unaichovya ziwani barafu iyeyuke, unairudisha. Basi. Nilipoelewa kwamba uvuvi huu unafanyika umekaa, nilianza kuuheshimu. Halafu mawimbi yakaanza, nikaitapika heshima yote.

"Muulize," yaya akasema, "anajuaje samaki amefika kama hagusi uzi?"

Nikauliza. Mzee akasema fimbo itainama, tutaiona.

"Donc, basi, fimbo ndiye muvuvi," yaya akasema. "Siye ni abiria."

Masaa matatu hakuna kilichoinama isipokuwa mimi. Mzee alikuwa mbele kwenye usukani, anatazama kioo kinachoonyesha kina cha maji. Na hapo nyuma yaya, pole pole, kama mtoto anayefungua sufuria ya mgeni, alivua glavu ya mkono wa kulia, akaukamata uzi wa fimbo iliyo karibu naye, akauzungusha kwenye kidole cha shahada. Mara mbili.

Nilimwona. Sikusema kitu, maana tangu utoto yaya alinisimulia kwamba wavuvi wote wa kwetu wanafanya hivyo: uzi unasema na kidole. Kilichonipita mimi, na kikampita yeye mwenye miaka yote ile majini, ni kwamba kwetu mtumbwi unasimama ukingoja. Huu ulikuwa na injini, nayo haikujua kusimama.

Samaki alipopiga, sikusikia yaya akilia. Niliona bega lake likivutwa, na uzi ukizama ndani ya kidole kama kisu ndani ya sabuni.

"Zima!" nikapiga kelele. "Zima mashine! Zima!"

Mzee akageuka, akatuona tumesimama tunapiga kelele, akatabasamu kwa furaha, akatuinulia dole gumba. Akarudi kwenye usukani. Kiingereza changu chote, na vyeti vya madarasa ya jioni niliyohudhuria pamoja na usingizi wangu, kilikuwa kimenikimbia. Nikatambaa mpaka mbele, nikamshika koti, nikamgeuza kwa nguvu aone damu.

Akazima. Akaja na kisu akate uzi.

"Asikate!" yaya akasema kupitia meno. "Mwambie asikate!"

"Anasema usikate," nikatafsiri, nikiwa nalia.

Uzi ulipolegea yaya akaufungua mwenyewe kidoleni, akiuma koti lake. Halafu hakutumia fimbo wala gurudumu lake. Alimvuta samaki yule kwa mikono, uzi juu ya uzi, huku damu inadondoka kwenye barafu ya sakafu, na mzee wa watu amesimama na wavu mkononi, anaita jina la Yesu kwa namna isiyo ya sala. Akatoka trauti wa kijivu mwenye madoa meupe, mrefu kama mkono wangu, mnene. Yaya akaketi juu ya ndoo, akacheka. Nilikuwa nimesahau kwamba ana pengo.

Mzee alikuwa anamfunga kidole kwa taulo. Huku akifunga, akaniambia: "Samaki ni wenu. Lakini mweleze kaka yako vizuri. Kwenye ziwa hili kuna sumu za viwanda vya zamani, zimekaa kwenye matope, na hawa wakubwa wameishi miaka wakizila. Sumu inakaa kwenye mafuta. Wanaume wanakula mara moja kwa mwezi, imetosha. Wanawake ambao bado wanazaa, na watoto, wasiguse. Jimbo linasema hivyo kila mwaka. Mwambie."

Yaya akanitazama, bado anacheka. "Anasema nini?"

"Anasema hongera," nikasema.

Kliniki walimshona nyuzi saba. Daktari alisema mshipa wa kukunjia kidole umeguswa, atakuwa amepata bahati kama kitakunjika tena. Yaya aliuliza jambo moja tu: kesho anaweza kusafiri?

Tulimlaza samaki kwenye theluji ya baraza ya nyuma, ndani ya sanduku la plastiki, na Jumapili asubuhi tukashika barabara ya Columbus, masaa matano. Mimi naendesha, yeye anaongea. Alikuwa mtu mwingine. Alinisimulia nyavu, alinisimulia upepo, akanisimulia siku alipompelekea baba mkwe samaki wa kwanza na jinsi mkwe alivyomnusa kama anayekagua mwizi. Ningemkatizaje? Nilijipangia miji. Nikasema nitamwambia tukifika Erie. Erie ikapita. Nikasema Cleveland, mtu huwezi kuvuka Cleveland na uongo ndani ya gari. Tukavuka. Karibu na Mansfield nilishaanza kujiuliza kipande kimoja kitamfanya nini mtu. Mara moja tu, kwa desturi tu. Wanakula watu wangapi na hawafi?

Nyumba ya wakwe ilikuwa na joto na harufu ya sombe, majani ya muhogo ya kwetu. Baba mkwe akafungua sanduku kabla ya kutusalimu sawasawa. Akamtazama samaki jicho, akamfungua shavu, akamminya tumbo.

"Huyu muzima," akasema. Akatazama bandeji. "Na huyu?"

"Amevua kwa mkono wake, Baba," nikasema. "Mkono wenyewe ndio huo."

Hapo shemeji akatoka jikoni kumchukua samaki. Alikuwa amefunga kitenge juu ya sweta, na chini ya kitenge tumbo lilikuwa la miezi mitano kama siyo zaidi. Yaya alikuwa anatazama chini kama desturi inavyotaka, kwa hiyo tumbo ndilo alilolikuta kwanza. Midomo yake ikafunguka. Akakumbuka hapaswi kuongea, akaifunga.

"Ndiyo hivyo," baba mkwe akasema. "Alitoka Louisville na mimba hiyo."

Nikasema maneno niliyotumwa kusema. Niliyasema vibaya, nilitaja televisheni mara mbili. Watoto walisimama mlangoni wananong'onezana. Jikoni mafuta yalikuwa yanalia, na mimi nilikuwa najua ni mafuta gani mengine yaliyomo kwenye kikaango. Nikaongea haraka, nikaongea polepole, kana kwamba kulikuwa na mwendo wa kuongea utakaomfanya samaki asiive.

Akaiva. Shemeji akaketi kwenye mkeka, baba yake akamkatia mwenyewe kipande cha tumbo, kile chenye mafuta, cha heshima. Shemeji akanawa. Akakichukua kwa vidole vitatu.

"Shemeji, usile."

Sauti ilikuwa yangu. Nilishangaa kama wengine.

Nikaeleza yote. Sumu, matope, mafuta, wanawake, watoto. Nilipomaliza baba mkwe alikuwa amesimama.

"Umenileteya sumu? Ndani ya nyumba yangu, kwa binti yangu, na mimba?"

"Wanaume wanaweza, Baba. Mara moja kwa mwezi," nikasema, na hata mimi nilisikia ujinga wake.

Yaya akavunja desturi. "Ulijua tangu lini?"

"Tangu mashuani."

"Tangu mashuani," akarudia. Hakuwa amekasirika, ingekuwa nafuu. Nilimwona anaanza kurudi kule alikokuwa mwezi wa kumi na moja, mlango baada ya mlango, anazima taa.

Shemeji hakuwa amekiweka chini kile kipande. Alikuwa ananitazama mimi.

"Ungeniacha nikule?"

"Nilifikiria," nikasema.

"Kwa muda gani?"

"Masaa matano."

Akatikisa kichwa. Halafu akamgeukia mume wake. "Na weye. Ulikata mukono kwa sababu ya hii?"

Yaya akaitika kwa kichwa.

"Basi kula. Si wanaume wanaruhusiwa?"

Akasukuma sahani mbele yake. Yaya akainua mkono wa kulia. Ulikuwa bandeji mpaka kiganja. Akatazama wa kushoto, akamtazama baba mkwe. Hakuna mwanaume wa kwetu atakayekula kwa kushoto mbele ya baba mkwe, hata akiwa na njaa ya wiki. Akaiacha mikono yote miwili mapajani, akakaa hivyo.

Shemeji akapiga ulimi. Akasogea kwenye mkeka kwa shida, tumbo mbele, akachambua mfupa kutoka kwenye kile kipande, akakipeleka kinywani mwa mume wake. Si kwa mahaba. Alimlisha kama unavyomlisha mtoto dawa aliyokwisha kuitema mara mbili.

"Meza," akasema. "Ulitaka samaki, kula samaki. Ninyamazie tena, utaona. Fungua kinywa. Meza."

Naye akawa anameza, na machozi yanamshuka mpaka kwenye ndevu. Binti mkubwa akawatoa wadogo mlangoni. Mimi nilitazama soksi zangu.

Baba mkwe alikuwa bado amesimama. "Hii haiko kwa desturi," akasema.

"Baba, desturi imeleta sumu," shemeji akasema bila kugeuka. "Tuikate hapo."

Uamuzi wa mzee ulitoka jioni, kabla hatujaondoka: samaki hajaliwa na aliyepaswa kumla, donc hakuna kilichokubaliwa, hakuna kilichokataliwa pia, kwa sababu aliyekataza ni ndugu wa mume, naye, akasema, ni mpumbavu, lakini si mwongo mpaka mwisho. Tungoje mtoto azaliwe. Nimepewa sifa mbovu kuliko hiyo.

Shemeji alitufuata mpaka kwenye gari na bakuli la sombe. Yaya alikuwa ameshaketi ndani, kioo kimeshushwa kidogo.

"Nyuzi zinatolewa siku gani?" akaniuliza mimi, siyo mume wake.

"Alhamisi ya wiki ijayo."

"Mwambie asizitoe mwenyewe kwa wembe. Namujua."

Njia nzima ya kurudi yaya hakusema nami neno. Wala siku zilizofuata, isipokuwa "chumvi" na "zima taa". Nilizificha nyembe zangu, nikajisikia mjinga, nikaziacha zimefichwa. Usiku nilikuwa naamka kusikiliza kama anapumua. Sikujua tena kama nilimwokoa mtoto wa watu au nilimwua kaka yangu, na sikuwa na mtu wa kumwuliza, maana mtu ninayemwuliza mambo kama hayo alikuwa amelala upande wa pili wa ukuta, hataki kuniona.

Alhamisi nilimpeleka kliniki. Muuguzi alikuwa amekata uzi wa tatu simu ya yaya ilipolia. Ilikuwa ya picha, kutoka Columbus. Akaipokea kwa mkono wa kushoto, akababaika nayo.

"Nione," shemeji akasema.

Yaya akasogeza kidole mbele ya kioo cha simu, karibu sana, kimevimba, cheusi kandokando, nyuzi nne bado zimesimama. Akajaribu kukikunja. Kilisogea kidogo, kiasi cha punje ya mchele.

"Kunja tena," ikasema simu.

Akakunja tena. Alisahau kabisa kuonyesha uso wake.